Wimbo wa Ngege: kisa cha chekechea ya Kisumu na mkataba wake wa franchaizi

Barua ilifika Ijumaa mchana, wiki ya pili ya muhula wa kwanza wa 2024, ndani ya bahasha ya kaki. Ilitoka kwa wakili wa Nakuru. Ilimpa mteja wangu siku 7: aache kutumia vitabu vyote vya mazoezi, asalimishe nyimbo, michoro na rekodi zote "zilizotokana na Mfumo", afute video zote mtandaoni, na alipe fidia. Aya ya mwisho ilitaja jela. Alipoitoa kwenye mkoba ilikuwa imekunjwa mara nne.

"Wakili," aliniambia, "vitabu nakubali si vyangu. Lakini Wimbo wa Ngege niliutunga mimi mwenyewe, jikoni kwangu Manyatta, hapa Kisumu, sukuma wiki ikiwa motoni. Unakuwaje mali ya Nakuru?"

Pande zote mbili zimeniruhusu kukieleza kisa hiki, kwa sharti kwamba majina ya watu, ya shule na ya chapa yasitajwe. Basi mteja wangu nitamwita Mwalimu, kama wazazi wanavyomwita, na mwenye chapa nitamwita Mkurugenzi, kama walimu wake wa Nakuru wanavyomwita. Wote wawili ni walimu wa chekechea waliosomea kazi hiyo. Wote wawili nimewaona wakitokwa na machozi kwa ajili ya jambo hili, kila mmoja kwa siku yake.

Walichokubaliana

Mkurugenzi alianza na darasa moja mtaani Section 58, Nakuru. Alikuwa na kipaji cha vitabu. Kwa miaka kadhaa aliandaa vitabu 4 vya mazoezi vya PP1 na PP2 (madarasa mawili ya chekechea), mwongozo wa mwalimu, nyimbo 12 za Kiswahili na Kiingereza, na ndege mmoja: heroe wa waridi aliyesimama kwa mguu mmoja kwenye kila jalada. Shule ilipojaa, akaanza kuwakodisha walimu wa miji mingine mfumo wake kwa mkataba wa franchaizi. Wewe unaleta jengo, watoto na mtaji. Yeye anakupa jina, rangi, vitabu, mafunzo na mwongozo. Unalipa ada ya kuingia, kisha mrabaha wa kila mwezi unaokatwa kwenye karo.

Mwalimu alitia sahihi Januari 2019, mkataba wa miaka 5. Mwezi huohuo mtaala mpya wa umilisi, CBC, ulianza nchi nzima, na sera yake inataka mtoto kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo anakoishi. Vitabu vya Nakuru vilikuwa vya Kiingereza na Kiswahili. Watoto wa Manyatta walifika darasani na Dholuo mdomoni. Tena heroe hawakumjua. Mtoto mmoja alimwita kuku wa pinki. Samaki ndio waliowajua, maana wengine babu zao huvua ufukweni Dunga. Mwalimu akaanza kutafsiri kurasa moja moja, na kwenye ukurasa wa kuhesabu akamweka ngege, samaki wa ziwani, mahali pa heroe. Alimpigia Mkurugenzi kumwarifu, akajibiwa kwa ujumbe wa sauti ambao bado ninao: "Mwalimu, hiyo ni sawa kabisa. Watoto wa huko wanahitaji lugha yao. Endelea tu, na ukimaliza unitumie nione."

Baadaye ujumbe huo wa sekunde chache ulikuwa na uzito kuliko kurasa nyingi za mkataba.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na madarasa ya chekechea hayakufunguliwa tena mpaka Januari 2021. Nyimbo nyingi zilizaliwa wakati huo. Mwalimu na walimu wake watatu walitunga nyimbo fupi za Dholuo, wakazirekodi kwa simu na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: wimbo wa kunawa mikono, wimbo wa omena wanaoanikwa juani, wimbo wa ngege anayewatafuta watoto wake ziwani mmoja mmoja mpaka wanatimia kumi mdomoni mwake. Shule zilipofunguliwa waliendelea kutunga. Zilifika 29. Mkurugenzi alizipenda mno, akaomba zote, akazigawa kwa matawi mengine.

Uhusiano uliharibikia kwenye vitabu. Kuanzia 2022 mizigo ya kutoka Nakuru ilianza kuchelewa, na muhula mmoja wa 2023 ilifika wiki ya tano. Mwalimu alikuwa na watoto 64 ambao wazazi wao walikuwa wamekwisha kulipa. Akaenda saiba moja ya Kondele akatoa fotokopi za vitabu vizima. Mkataba ulipokwisha Desemba 2023, hakuna aliyetaka kuuongeza. Mwalimu alishusha bango, akapaka kuta rangi nyingine na kuandika jina lake jipya. Lakini fotokopi zilizobaki stoo alizitumia Januari.

Mwezi huohuo mzazi mmoja aliyehamia kutoka Kakamega alimletea kitabu cha nyimbo kilichokuwa kinauzwa kwenye matawi. Nyimbo 41, heroe kwenye jalada. Wimbo wa Ngege ulikuwa ukurasa wa 23, umetafsiriwa kwa Kiswahili, bila jina la mtunzi. Na ngege alikuwa amegeuzwa heroe.

Vitabu

Hapa sitakaa sana, kwa sababu hapana ubishi mkubwa. Vitabu vya mazoezi ni kazi za maandishi na michoro ni kazi za sanaa, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazilinda. Shule haipati ruhusa ya kurudufu kitabu kizima kwa sababu tu ni shule. Kuchelewa kwa vitabu ni uvunjaji wa mkataba wa upande wa Nakuru, na Mwalimu angeweza kudai fidia kwa hilo; hakukumpa haki ya kujichapia. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nilijua. Nilikuwa nawaangalia watoto."

Jina na nembo nako hakukuwa na shida. Hayo ni mambo ya alama ya biashara, si hakimiliki. Alikuwa ameyaacha kwa hiari. Nayataja kwa sababu wengi wanaokuja ofisini kwangu huchanganya mambo haya mawili. Jina fupi la biashara halina hakimiliki. Linalindwa kwa kusajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya ubunifu, kwa miaka 10 inayoweza kuongezwa. Wimbo, kitabu au picha havihitaji kusajiliwa popote ili vilindwe: haki huzaliwa pale kazi inapowekwa kwenye umbo la kushikika, iwe karatasi au rekodi ya simu. Cheti cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, husaidia kuthibitisha, lakini anayekikosa hapotezi haki yake. Rekodi za WhatsApp za 2020, zenye tarehe na saa, zilitufaa kama cheti.

Wimbo wenyewe

Sasa swali la jikoni. Wakili mwenzangu wa Nakuru aliegemea kifungu kimoja cha mkataba. Kilisema kwamba maboresho yote ya Mfumo yatakayofanywa na mwenye tawi yatahesabiwa kuwa "kazi zilizofanywa kwa malipo" kwa ajili ya mwenye chapa. Nilipokisoma nilitambua mara moja kilikotoka. Hayo ni maneno ya sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976. Huko yana maana yake maalumu: kazi ya mwajiriwa, au kazi ya kuagizwa iliyo katika moja ya aina 9 zilizotajwa, kwa maandishi yenye sahihi za pande zote. Mtu alikuwa ameuchukua mkataba wa Marekani mtandaoni, akabadilisha majina na kiasi cha fedha, akauleta Nakuru. Mkurugenzi alinithibitishia baadaye kwamba ndivyo ilivyokuwa. Wakati ule hakuwa na uwezo wa kumlipa wakili.

Sheria yetu haina dhana hiyo. Ina kifungu cha 31. Hakimiliki huanza kwa mtunzi. Ikiwa kazi iliagizwa na mtu asiye mwajiri wake, au ilifanywa na mwajiriwa katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Kwa hiyo maswali yalikuwa mawili. Je, Mwalimu alikuwa mwajiriwa wa Mkurugenzi? Hapana, mkataba wenyewe ulisisitiza mara tatu kwamba mwenye tawi ni mfanyabiashara anayejitegemea, kwa sababu mwenye chapa hakutaka kuwajibika kwa madeni na kodi zake. Maneno aliyoyaandika kujikinga ndiyo yaliyomfungia mlango.

Je, Mkurugenzi aliagiza nyimbo? Mwenzangu alijaribu kuutumia ujumbe wa sauti: "Endelea tu, na ukimaliza unitumie nione." Nilimjibu kwamba kuruhusu si kuagiza. Anayeagiza kazi hueleza anachotaka na hulipa. Hapa aliyetunga ndiye aliyekuwa analipa mrabaha kila mwezi. Tena ujumbe ulihusu tafsiri ya vitabu, nao ulitumwa kabla ya wimbo hata mmoja kutungwa.

Hata hivyo hoja ya Nakuru haikuwa tupu, na singependa msomaji afikiri ilikuwa rahisi. Sheria yetu inasema hakimiliki haihami kwa maneno ya mdomo: uhamisho, na hata leseni ya kipekee, yaani ruhusa anayopewa mtu mmoja tu, lazima uwe kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na anayetoa. Lakini inaruhusu pia mtu kuhamisha mapema hakimiliki ya kazi ambayo bado haijatungwa. Mwalimu alitia sahihi. Jaji angeweza kusema kwamba ingawa maneno ni ya kigeni, nia ya kuhamisha inaonekana na sahihi ipo. Ninaamini hoja hiyo ingeshindwa, kwa sababu mbili. Kwanza, kifungu hakina neno lolote la kutoa. Hakisemi mwenye tawi "anahamisha" chochote, kinasema tu kazi "zitahesabiwa" kuwa za aina fulani ambayo sheria ya Kenya haiijui. Pili, kilihusu "maboresho ya Mfumo", na Mfumo ulikuwa umeelezwa kwenye jedwali la mwisho: vitabu 4, mwongozo, nyimbo 12, rangi, mpangilio wa darasa. Wimbo wa samaki wa ziwani, kwa lugha isiyokuwemo kwenye jedwali hilo, unaboresha kipi kati ya hivyo? Ni kitu kipya kilichosimama kando. Lakini "ninaamini" si hukumu. Nilimwambia Mwalimu kwamba kuna hatari, na hatari hiyo ndiyo iliyotupeleka mezani badala ya mahakamani.

Fikiria pia urefu wa muda. Mkataba ule uliishi miaka 5. Hakimiliki ya wimbo huishi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kifungu cha mistari miwili, kilichonakiliwa bila kusomwa, kingechukua kitu ambacho wajukuu wa Mwalimu wangekirithi.

Kuna jambo lililoniuma zaidi ya fedha. Kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki ambazo hazifuati hakimiliki inapouzwa: haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Hata kama Nakuru wangeshinda hoja yote ya umiliki, kuondoa jina la Mwalimu kulibaki kosa. Ngege kugeuzwa heroe ni suala gumu kidogo. Mtu anaweza kusema samaki kuwa ndege hakumvunjii mtu heshima. Lakini wimbo unahesabu vifaranga vya samaki waliofichwa mdomoni mwa mama yao, kama ngege afanyavyo kweli. Heroe hafichi watoto mdomoni. Toleo la Nakuru lilimfanya mtunzi aonekane hajui anachokifundisha, na kwa mwalimu hilo ni jeraha.

Tafsiri, walimu, na nyimbo za bibi

Tafsiri za Dholuo zilileta fundo la aina nyingine. Kutafsiri ni haki ya mwenye kazi asilia, kwa hiyo Mwalimu alihitaji ruhusa. Aliipata: leseni isiyo ya kipekee inaweza kutolewa kwa mdomo, au hata kueleweka kutokana na mwenendo, na ujumbe wa sauti ulitosha. Ila leseni ya namna hiyo, isiyo ndani ya mkataba, inaweza kuondolewa wakati wowote. Kwa upande mwingine, tafsiri yenyewe ni jasho la Mwalimu, nayo ina hakimiliki yake juu ya ile ya chini. Matokeo yake ni mlango wenye kufuli mbili: Mwalimu hawezi kuchapa tafsiri bila Mkurugenzi, na Mkurugenzi hawezi kuichapa bila Mwalimu.

Kisha tukazihesabu nyimbo 29 moja moja. Kazi hiyo ilituchukua siku nzima, simu mezani, tukisikiliza kila rekodi na kuuliza ni nani aliyetunga, lini, na alikuwa analipwa na nani. Nyimbo 11 ni za Mwalimu mwenyewe. Nyimbo 10 zilitungwa na walimu wake wakiwa kazini na wakipokea mshahara; hizo, kwa kifungu cha 31, ni za mwajiri wao, ambaye ni Mwalimu, ingawa majina yao yanabaki kuwa yao.

Nyimbo 5 zilikuwa za jadi. Mwalimu alizisikia kwa bibi yake, naye bibi kwa wake. Nakuru walikuwa wamezidai. Mwalimu pia, kwa hasira, alikuwa ameziweka kwenye orodha yake. Nilizifuta kwenye orodha zote mbili. Kenya ina sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi kwa ajili ya jamii zenyewe, na hakuna tawi wala chapa inayoweza kujiandikisha kuwa mmiliki wa wimbo ambao Wajaluo wote wameulelea watoto.

Zikabaki 3. Hizi zilitungwa na mwalimu kijana kati ya Mei na Septemba 2020. Miezi hiyo shule ilikuwa imefungwa, karo hakuna, na Mwalimu alikuwa amewaambia walimu wake waende nyumbani bila mshahara mpaka hali itakapotulia, kama shule nyingi za binafsi zilivyolazimika kufanya. Yule kijana alirudi kwao Nyakach, akawa anauza mboga, na jioni alikuwa anawatungia watoto nyimbo kwa mapenzi yake. Je, alikuwa "katika kazi aliyoajiriwa kuifanya"? Sikuona namna ya kusema ndiyo kwa uso mkavu. Nyimbo hizo hazikuwa za Nakuru. Hazikuwa za Mwalimu pia. Ilinibidi nimweleze mteja wangu kwamba hoja ileile inayomtetea dhidi ya Nakuru inamtetea kijana dhidi yake. Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Hata mshahara sikumlipa. Nitamnyang'anya na wimbo?"

Shimo la upande wa Nakuru

Kila mwenye chapa anayedai haki lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe anazo. Nilimwomba mwenzangu hati za umiliki wa michoro ya heroe. Hazikuwepo. Michoro ilifanywa na wifi ya Mkurugenzi, aliyekuwa mshirika wake mwanzoni kisha wakatengana vibaya. Hakuwa mwajiriwa. Hakulipwa kama mtu aliyeagizwa kazi. Alikuwa amechangia kama mwenye biashara. Hakuna karatasi yoyote aliyoitia sahihi. Basi upo uwezekano mkubwa kwamba heroe, ambaye matawi yote yamekuwa yakimlipia mrabaha, kisheria bado yumo mikononi mwa wifi.

Sikulitumia jambo hili kumtisha mtu. Nililitaja kwa sababu linamgusa kila mwenye tawi. Mkataba wa franchaizi unaoeleweka huwa na ahadi ya mwenye chapa kwamba kazi anazokodisha ni zake, na kwamba mtu mwingine akijitokeza kuzidai, gharama zitakuwa juu yake, si juu ya mwenye tawi. Mkataba huu ulikuwa na ahadi upande mmoja tu: mwenye tawi ndiye aliyeahidi kumkinga mwenye chapa.

Marekani, kanuni ya tume ya biashara ya serikali kuu humlazimu mwenye chapa kumpa mteja hati yenye vipengele 23 angalau siku 14 kabla ya kutia sahihi au kulipa, na kipengele cha 14 kinahusu hataza na hakimiliki: anazo zipi, kuna mgogoro wowote juu yake, na itakuwaje mwenye tawi akilazimika kuacha kuzitumia. Afrika Kusini nako sheria ya kuwalinda wateja ya 2008 inawatambua wenye matawi, na inawapa siku 10 za kazi za kujiondoa baada ya kutia sahihi. Kenya hatuna sheria ya franchaizi. Tunaunganisha sheria ya mikataba, ya alama za biashara, ya hakimiliki na ya ushindani, na yule asiye na wakili huanguka katikati yake. Nimelisema hili mbele ya wafanyabiashara wa Kisumu na nitaendelea kulisema: Bunge linatudai sheria hii.

Wangepigania wapi

Mkataba ulisema migogoro yote iende kwa msuluhishi mmoja, Nairobi, "isipokuwa madai ya mwenye chapa kuhusu haki za ubunifu", ambayo angeweza kuyapeleka mahakamani moja kwa moja. Maneno kama hayo ni ya kawaida katika mikataba hii, na sababu yake inaeleweka: nakala za wizi zikiwa sokoni, mtu anataka zuio, yaani amri ya mahakama ya kuzisimamisha, leo, si msuluhishi baada ya miezi. Lakini upande mmoja ukiwa na milango miwili na mwingine mmoja, tena wa Nairobi, si haki. Wala haukuhitajika. Sheria ya Usuluhishi ya 1995, kifungu cha 7, tayari inaruhusu mtu yeyote kati yao kuomba Mahakama Kuu amri ya muda ya kulinda mali wakati usuluhishi unaendelea.

Kama Nakuru wangeomba zuio, jaji angewapima kwa maswali matatu ya kesi ya Giella na Cassman Brown ya 1973: wana kesi yenye dalili za kushinda, watapata hasara isiyofidika kwa fedha, na kukiwa na shaka, mizani inaelemea wapi. Kwa fotokopi wangepata zuio asubuhi. Kwa nyimbo sidhani. Kutoka Kisumu, gharama ya kusubiri jibu hilo ingemaliza karo ya mwaka.

Kericho

Tulikutana Kericho mara mbili, katikati ya safari ya wote, mbele ya mpatanishi tuliyemkubali. Siku ya kwanza ilipotea kwenye lawama za 2022. Siku ya pili niliweka simu mezani na kuucheza Wimbo wa Ngege, rekodi ya kwanza kabisa, ambamo mtoto analia nyuma na mfuniko wa sufuria unaanguka. Mkurugenzi aliusikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," alisema, "mimi niliupokea bila hiyo sehemu ya mdomo. Ningejua nisingembadilisha." Faili aliyotumiwa ilikuwa imekatwa. Sijui kama hilo lingebadilisha barua ya wakili wake, lakini lilibadilisha siku.

Kwa fotokopi, Mwalimu alilipa bei kamili ya kitabu kwa kila nakala aliyotoa, kwa awamu tatu. Sheria yenyewe inaruhusu mrabaha wa haki badala ya fidia, kwa hiyo hesabu haikuwa ngumu. Akakubali kurudisha vitabu na fotokopi zote zilizobaki. Tafsiri zilipewa kufuli zake mbili kwa maandishi: Mwalimu aendelee kuzitumia darasani kwake mpaka mwisho wa 2024 kwa malipo madogo, na asichape mtu bila sahihi ya mwenziwe. Nyimbo zake 11 na zile 10 za walimu alimpa Mkurugenzi leseni isiyo ya kipekee ya miaka 3, yenye mrabaha kwa kila kitabu kinachouzwa. Kijana wa Nyakach alitia sahihi karatasi yake mwenyewe, kwa jina lake, na malipo yake yanakwenda kwenye simu yake. Nyimbo 5 zimeandikwa kuwa za jadi. Uuzaji wa kitabu cha zamani ulisimamishwa, na ngege akarudishwa ziwani. Mkurugenzi pia alimtafuta wifi yake. Walichoongea ni chao, lakini karatasi ya michoro sasa ipo, na wifi analipwa.

Wenye matawi wengine waliposikia, wakataka mkataba wao urekebishwe. Mwenzangu wa Nakuru alinitumia rasimu yake, akaniomba maoni, na tukakaa juu ya kifungu kimoja kwa jioni mbili. Kilichobaki kinasema hivi: kazi yoyote anayoitunga mwenye tawi au mwajiriwa wake ni yake, mwenye tawi anampa mwenye chapa ruhusa isiyo ya kipekee ya kuitumia katika matawi yote wakati mkataba ungali hai, kwa mrabaha uliotajwa na kwa kumtaja mtunzi, kazi inayojengwa juu ya kitabu cha mwenye chapa haichapwi na yeyote bila idhini ya mwingine, na mwenye chapa akitaka kuimiliki kazi fulani kabisa, atainunua kwa karatasi yake peke yake, kwa bei yake, baada ya kazi kuwepo. Sentensi ya mwisho ndiyo tuliyoibishania. Mwenzangu alitaka uhamisho wa mapema. Nilimwuliza jinsi mtu atakavyoijua bei ya wimbo ambao bado haujaimbwa. Alikubali.

Toleo jipya la kitabu cha nyimbo lilifika Manyatta Agosti. Mwalimu alilifungua ukurasa wa 23 akiwa amesimama langoni, wazazi wakimzunguka. Jina lake lipo. Ngege yupo, watoto wake kumi wako mdomoni. Ukurasa wa 31, jina la yule kijana limekosewa herufi moja. Niliandika barua Nakuru jioni hiyohiyo. Mkurugenzi amejibu kwamba toleo lijalo litasahihishwa, na kwa nakala zilizokwisha kuchapwa amelipia vibandiko, ambavyo walimu wa matawi wanavibandika kwa mkono.